Rozari ya Kupimia Pumzi

Kila asubuhi Josefina humeza kidonge kimoja kwa uji, hufunga kitenge chake, huweka jembe begani na kuanza safari ya shambani akisali rozari kwa sauti. Hanong'oni kama wengine tunavyosali. Sauti yake ni ya mtu anayeuliza bei ya nyanya akiwa upande wa pili wa barabara. Akifika kwenye kichuguu kikubwa anajisikiliza. Kama "Salamu Maria" imetoka yote bila kukatika, anaendelea. Kama imekatika katikati, anakaa chini, anakunywa maji kidogo kwenye chupa yake, anatulia mpaka pumzi irudi, kisha anainuka na kwenda polepole zaidi.

Watu wa kitongoji chetu hapa Kasansa walimwona akifanya hivyo kwa miezi saba, na ndani ya miezi hiyo walimfanya mtakatifu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mtu anayesali huwezi kumkatisha ili umuulize kwa nini anasali.

Sababu yenyewe ilianzia shambani, wakati wa mavuno ya mwaka jana. Josefina, ambaye sote tunamwita Mama Lucia, alianguka akiwa na gunia la mpunga kichwani. Alizimia kwa muda mfupi, kama muda wa watu wawili kubishana iwapo amwagiwe maji au anusishwe kitunguu. Alipozinduka alisema ni njaa. Wiki mbili baadaye alianguka tena, na safari hiyo alikuwa ametoka kula. Zahanati wakamwandikia barua ya kwenda Mpanda, na kwa bahati alifika wiki ambayo daktari wa moyo alikuwa amekuja kuona wagonjwa. Daktari alikuwa dada mdogo mwenye miwani. Alimpaka Mama Lucia mafuta ya baridi kifuani, akapitisha kifaa chake, akatazama kioo kwa muda mrefu.

"Mama, misuli ya moyo wako ni minene kuliko kawaida," alisema.

"Ahsante," Mama Lucia akajibu.

"Sikusifii, mama."

Kosa hilo angelifanya mtu yeyote wa huku. Misuli minene ndiyo tunayowasifia vijana wanaopakia mpunga kwenye malori, na moyo, kama kweli una misuli, basi heri uwe nayo ya kutosha. Daktari akaanza upya.

"Umewahi kuona nyumba ya tofali mbichi, fundi anakandika udongo ndani, anakandika tena, mpaka chumba kinakuwa kidogo na kitanda hakiingii? Moyo wako umenenepa hivyo, kwa ndani. Nafasi ya damu imebaki ndogo. Ukikimbia au ukibeba kizito, mwili unataka damu nyingi kwa haraka, na moyo hauna pa kuiweka. Wakati mwingine mapigo yanavurugika, mtu anaanguka."

"Na huyo fundi ni nani?"

"Umezaliwa nao. Ni ugonjwa wa kurithi. Kwenu kuna mtu aliyewahi kufa ghafla?"

Walikuwepo wawili. Baba yake alifia njiani akiikimbia mvua na gunia begani, akiwa na miaka arobaini na mbili. Mdogo wake Denis alifia uwanjani, kipindi cha pili, hakuna aliyemgusa, mpira wenyewe ulikuwa upande mwingine kabisa. Timu ya siku ile ilitoka kijiji cha ng'ambo ya mto, na sisi tukaamini bila kuuliza kwamba wao ndio waliomroga. Kwa miaka kumi na mmoja hatukucheza nao hata mechi ya kirafiki.

Mama Lucia alitegemea kuambiwa alale kitandani mpaka afe vizuri. Badala yake daktari alimwambia atembee kila siku, na alime pia, lakini kwa mwendo ambao bado anaweza kuongea.

"Maneno yakianza kukatika, punguza. Ukiona kizunguzungu, au kifua kinabana, au moyo unarukaruka, kaa chini hapo hapo, usijikaze mpaka ufike kivulini. Usikimbie. Usibebe mzigo unaokufanya uzuie pumzi. Jua la mchana liache, maji uyanywe hata kama huna kiu. Na usishindane na mtu."

"Hata kwa maneno?"

"Kwa maneno shindana. Na una watoto?"

"Ninaye mmoja, Lucia. Ana miaka kumi na tisa."

"Aje apimwe. Hata kama haumwi. Hasa kama haumwi."

Lucia alikataa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne akiwa na medali tatu za mbio, zote amezitundika juu ya kitanda, na ndoo ya lita ishirini anaibeba huku anachat. "Mama, mimi naumwa nini? Niangalie," alisema, akarukaruka mbele ya mlango ili aangaliwe. Lakini lilikuwepo jambo jingine. Shadrack, fundi wa pikipiki pale senta, alikuwa ameshasema nyumbani kwao, na barua ya uchumba ilitegemewa baada ya Pasaka. "Ukisema ugonjwa wa ukoo tu, mama, hao watu hawaji. Nakuomba, hiyo kitu usiitaje mpaka barua ifike." Mama Lucia akakubali kunyamaza, akiamini kwamba binti naye akishachumbiwa atakubali kupimwa.

Ikabaki shida ya mwendo wa kuongea. Mama Lucia huenda shambani peke yake. Mumewe wa zamani yuko Sumbawanga na mke mwingine. Sasa aongee na nani? Siku ya kwanza alijaribu kujisimulia habari za jana, akakutana na watoto wa shule, wakakimbia. Siku ya pili aliimba wimbo wa harusi, na jirani akamuuliza mama pombe ameanza lini. Akafikiri sana. Mwanamke mzima, peke yake njiani, anaweza kusema nini kwa sauti na asionekane kichaa wala mlevi? Jibu lilikuwa shingoni mwake. Akaivua rozari, akaanza.

Aligundua haraka kwamba daktari mwenyewe asingepata kipimo bora. "Salamu Maria" ina urefu ule ule kila siku. Asubuhi yenye nguvu inatoka kwa pumzi mbili. Siku ya joto inataka tatu. Ikitaka nne, ni kukaa chini.

Vituo vyake vya kukaa vikajulikana: kichuguu, kalavati, na kisiki cha mninga karibu na majaruba ya mpunga. Watu wakasema hapo ndipo anapozama katika tafakari. Hilo lingeishia kwenye maneno tu kama si Machibya.

Machibya ni Msukuma mfugaji, alihamia huku na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, na si Mkristo wa dhehebu lolote linalojulikana. Mwezi wa kumi dume lake jeusi lilipotea. Siku ya tatu ya kulitafuta alimkuta Mama Lucia amekaa kwenye kalavati, macho ameyafumba.

"Mayu," Machibya akamwita kwa heshima ya kwao, "naona unaongea na Mungu wako. Mkimaliza, mwambie dume langu jeusi sijaliona tangu juzi."

Mama Lucia alikuwa hana pumzi hata ya kusema ngoja. Aliinua mkono tu.

Jioni ile dume lilirudi lenyewe, likasimama mlangoni kama mgeni aliyechelewa. Machibya alipeleka kibuyu cha maziwa ya mgando nyumbani kwa Mama Lucia, kisha akapeleka habari kila mahali pengine. "Hakusema hata neno," aliwaambia watu mnadani. "Aliinua mkono tu."

Baada ya hapo ilikuwa taabu. Wanafunzi wa kidato cha nne walimvizia kwenye kalavati wiki ya mtihani. Mwanamke mmoja alimletea shati la mumewe mlevi, akaliweka juu ya kisiki, akaondoka bila kusema chochote. Mama Lucia alilifua akalirudisha. Jioni Lucia alikuwa anamngoja na maneno.

"Shikamoo mtakatifu. Leo umeponya wangapi?"

"Marahaba. Kapimwe."

"Niombee kwanza nipate moyo wa kwenda."

Mwezi wa tatu, wakati wa Kwaresima, jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika ilikutana nyumbani kwa katekista Makarius. Mimi ni katibu wa jumuiya, kazi niliyopewa kwa kuwa naandika na siongei. Makarius alitangaza kwamba msalaba wa Njia ya Msalaba, Ijumaa Kuu mwaka huu, umechongwa kwa mninga, mzito kweli kweli, siyo ule wa mbao za kreti wa mwaka jana uliokatika kituo cha nane. Alitaka pia mtu mmoja aubebe kutoka chini ya kilima hadi juu, vituo vyote kumi na vinne, saa sita mchana. "Mtu ambaye kweli anasali," alisema, na sote tukageuza shingo upande mmoja.

"Mimi sistahili," alisema Mama Lucia.

Makarius akafumba macho kwa furaha. "Mmesikia? Wanaostahili ndivyo wanavyosema."

"Katekista, sina nguvu."

"Nguvu atatoa Mungu."

"Mimi mgonjwa, jamani."

"Sote ni wagonjwa, Mama Lucia. Tunaumwa dhambi."

Kila alivyokataa, ndivyo alivyozidi kuinuliwa. Akamtazama Lucia, aliyekuwa amekaa mkekani na wasichana wenzake. Lucia akatikisa kichwa kidogo: usitaje. Basi mama akainama akanyamaza, na mimi nikaandika kwenye daftari, "Mama Josefina amekubali kwa unyenyekevu." Sentensi hiyo bado ninayo.

Mama Lucia alijiwekea mpango. Asubuhi ya Ijumaa Kuu alitoka nyumbani akichechemea. Alichechemea vizuri sana, mguu wa kulia, mbele ya kila mlango uliokuwa wazi. Tatizo ni kwamba kutoka kwake hadi kigangoni ni mbali, na mtu mzima akichechemea muda mrefu huchoka, kwa hiyo alipofika chini ya kilima alikuwa anachechemea mguu wa kushoto.

"Mama, ulikuwa wa kulia," Lucia alimnong'oneza.

"Katekista, nimeteguka mguu," Mama Lucia akasema, akishika goti lililokuwa karibu.

Watu wakasikitika. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeacha mawe yanateleza, na jua lililofuata lilikuwa linachoma kana kwamba halikuambiwa siku ile ni siku gani. Tulikuwa tumefunga tangu jana, wengine hata maji hatukugusa. Msalaba ulikuwa umelala kwenye nyasi, mwekundu, na wanaume wawili walikuwa wamehema kuufikisha pale. Makarius akaanza kuangalia nani atafaa, na ndipo Lucia, kwa nia njema kabisa ya kumwokoa mama yake, akatoka mbele.

"Nitabeba mimi," alisema. "Damu ni moja."

Wanawake wakapiga vigelegele, ingawa Ijumaa Kuu haviruhusiwi. Lucia akajikunja, akauinua msalaba mpaka begani, na kwa kuwa Shadrack alikuwa amesimama pembeni na simu yake mkononi, akaongeza, "Na sipumziki kituo hata kimoja."

Akaanza kupanda, tena kwa haraka, kama alivyokuwa akikimbia shuleni.

Mama Lucia alimwona anaondoka na vitu vyote alivyokatazwa na daktari kwa pamoja: mzigo, mlima, jua, kiu, na mashindano na yeye mwenyewe. Alisahau mguu. Alipiga hatua tatu za haraka kumfuata, moyo ukaruka, akasimama. Hangeweza kumkimbilia. Umbali kati yao ulikuwa unaongezeka, na kitu pekee alichokuwa nacho cha kumfikia ni sauti.

"Lucia, sali kwa sauti."

Lucia alicheka huko juu, akaanza, "Salamu Maria, umejaa..." halafu kimya, halafu "neema," kama mtu anayehesabu ngazi.

"Weka chini, Lucia."

Hakuweka.

"Lucia, Denis alikufa kwa moyo. Na babu yako. Na mimi ninao huo huo, na wewe hujapimwa. Weka chini huo msalaba."

Kilima kizima kikasikia. Lucia akasimama. Aliuteremsha msalaba polepole akakaa juu yake, uso umemwiva, sijui kwa jua au kwa hasira, na kutoka pale chini niliona mabega yake yanapanda na kushuka. Mama yake alimfuata kwa mwendo wake wa kila siku, akasimama mara moja njiani, akafika, akampa chupa ya maji. Siku ya mfungo. Lucia akanywa yote.

Makarius alifika nyuma yao. "Mama Lucia, sijaelewa. Kwa hiyo hizi rozari, miezi yote hii..."

"Nilikuwa napima pumzi, katekista. Daktari alisema nitembee kwa mwendo wa kuongea. Sikuwa na wa kuongea naye."

"Ulikuwa unapima pumzi kwa Mama wa Mungu?"

"Yeye ndiye aliyekuwepo."

Machibya alikuwa amekuja kuangalia, kama anavyokuja kuangalia kila kitu chenye watu. "Mayu, na dume langu?"

"Lilirudi lenyewe, Machibya. Nilikuinulia mkono ungoje. Pumzi zilikuwa zimekata."

Machibya akalitafakari. "Basi ni mkono," alisema. "Mimi sikusema ni maneno."

Mzee Benedikto, aliyekuwa nahodha wa timu enzi za Denis, alikuwa bado amesimama kwenye sentensi ya kwanza. "Subirini. Wale wa ng'ambo, kwa hiyo, hawakumroga Denis?"

"Hawakumroga," alisema Mama Lucia. "Ni moyo. Alizaliwa nao."

"Miaka kumi na mmoja tumewanyima mechi."

"Ndiyo, kaka."

"Na mimi ng'ambo kule nina shemeji," alisema mzee Benedikto, akakaa chini kwenye jiwe.

Ilibidi msalaba ufike juu. Makarius, kwa aibu ya kuchagua vibaya mara mbili, akaubeba mwenyewe. Ni mtu wa makamo, mwenye mwili, na mazoezi yake ni kupiga kengele. Kufikia kituo cha tatu sauti yake ilikuwa imebaki kama mluzi wa birika.

"Katekista, salamu yako imekatika," Mama Lucia alimwambia kutoka nyuma.

"Haijakatika."

"Imekatika kwenye 'umebarikiwa'. Kaa chini."

Akakaa. Ikawa hivyo mpaka juu: tunapanda kidogo, Mama Lucia anasikiliza, mtu anakalishwa chini, msalaba unahamia bega jingine. Kutoka hapo kila kituo kilikuwa na mbebaji wake, na kituo cha kumi na mbili alibeba Machibya, ambaye hajui sala hata moja na kwa hiyo aliongea habari za malisho njia nzima. Tulifika saa tisa na nusu. Hakuna aliyeanguka, isipokuwa mimi kidogo, kwenye utelezi, nikiwa na daftari.

Lucia hakuongea na mama yake Jumamosi yote. Jumapili ya Pasaka aliongea naye kwa ajili ya chumvi tu. Jumatano Shadrack alikuja nyumbani, akasalimia, akakaa, akatoa mfukoni tiketi tatu za basi la Mpanda.

"Za nini?" Lucia akamuuliza.

"Mama kasema ukapimwe. Mimi sitaki kuoa mtu aje anifie kisimani."

"Nani kakwambia naolewa na wewe?"

"Basi kapimwe tu. Ya kuolewa tutabishana kwenye basi."

Daktari aliyempima alisema ukuta wa moyo wa Lucia nao umeanza kunenepa, kidogo tu. Atembee, aendeshe baiskeli kwa utulivu, acheze muziki kwenye harusi yake kwa kiasi. Mbio za kushindana basi. Arudi kila mwaka. Lucia alilia pale stendi ya Mpanda, akala chipsi mayai, akalia tena. Medali bado zimetundikwa juu ya kitanda.

Barua ya uchumba ilikuja, imechelewa wiki mbili. Ndugu wa Shadrack walikuwa wamekaa vikao. Mwishoni mwa barua waliuliza kama harusi inaweza kufungwa asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Na kijiji cha ng'ambo walikubali mechi, wakaja na wachezaji wazuri wa miaka kumi na mmoja ya kungoja, wakatufunga nne.

Siku hizi Lucia huenda shambani na mama yake. Mama anasali, binti anaimba nyimbo za redioni, kila mmoja anapima za kwake, na wanagombana njia nzima kuhusu nani anamfunika mwenzake sauti. Wiki iliyopita nilitembea nao. Lucia alitangulia kidogo, na mimi nikapata nafasi ya kuuliza swali moja, ambalo nilikuwa nalo tangu Ijumaa Kuu na sikuwa nimepata ujasiri.

"Mama Lucia, siku ile mbele ya watu wote, na barua ya Shadrack bado haijafika, hukuona aibu?"

Alitembea hatua chache kwanza. Pumzi yake ilikuwa nzuri.

"Niliona, tena sana," alisema. "Lakini kwetu hakuna aliyekufa kwa aibu."